UZI: Pistoni inakaza ikifika juu, nipige msasa au niiache? Nafasi za ndani za kimashine cha boti ya kuchezea, cc 3.5

#1 Bandari_Wesha

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Nina kimashine cha kupachika nyuma cha boti ya kuchezea, cc 3.5, kile wanachokiandika 0.21 kwa hesabu ya inchi. Alikileta ami yangu aliyekuwa baharia, kikakaa ndani ya kopo la maziwa ya unga miaka chungu nzima. Nilipokitoa hakizunguki. Nikadhani kutu, kumbe mafuta ya mbarika yaliyokuwemo kwenye fueli yake ya zamani yamekauka yakawa gundi, rangi ya asali iliyolala. Nikakiroweka usiku kucha ndani ya methanoli, nikakiacha uani kikauke kabisa, halafu nikakipasha kwa draya ya nywele ya mke wangu (ameniona, tumeyamaliza). Kikaachia.

Sasa kinazunguka, ila pistoni ikifika juu kabisa inakaza. Inakaza kwelikweli, mpaka flaiwili (lile gurudumu zito la krenki) niishike kwa kiganja kizima, kisha inapita huku inalia "nyiii" kama mlango wa banda. Ikishuka inateleza kama hakuna kitu. Beringi zote mbili zimeliwa na kutu, mpya zimeshafika. Kila kitu kiko juu ya meza, nimetandika gazeti.

Mnisamehe kwa kuuliza jambo ambalo pengine ni dogo. Kabla ya hiki nilikuwa na kingine, pacha wake. Nacho kilikaza hivihivi. Nikampelekea fundi mmoja, simtaji, akakipiga msasa ndani ya slivu (lile bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka) hadi pistoni ikawa inaanguka yenyewe. Nilifurahi siku hiyo! Hakijawaka tena mpaka leo, nimekifanya kizuizi cha mlango.

Kwa hiyo: slivu na pistoni ziachiane kiasi gani? Na kichwa kikae juu ya pistoni umbali gani? Na krenki (ule mtaimbo unaozungushwa na pistoni) icheze au isicheze? Sina kitabu chake.

#2 Pweza_Mkavu

Draya ya bibi 😂 Endeleeni, mie nimekaa na kahawa yangu.

#3 Fundi_Nungwi

Waalaykum salaam mwanangu.

Mie nafungua mashine za wavuvi, Yamaha kumi na tano na arubaini ndo chakula changu. Nikwambie ninavyojua. Kumi na tano ina pistoni mbili, silinda ya milimita 56. Pistoni ni ya aluminiamu, slivu ni ya chuma. Aluminiamu ikipata moto inavimba kuliko chuma, tena mbali. Sasa ukiiweka pistoni imebana wakati wa baridi, ikipata moto itakwenda wapi? Itashika. Utavuta kamba mpaka bega litoke. Ndo maana tunaiachia nafasi, mia chache za milimita (mia moja ni 0.01), na ringi ndizo zinazoziba mvuke usipite.

Nafasi hiyo huipimi juu ya pistoni. Unaipima chini kwenye sketi, kwa upande uliokatana na pini, maana pistoni si duara kamili. Na ringi yenyewe unaitia ndani ya silinda, unaisukuma kwa pistoni ikae sawa, kisha unapitisha fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) kwenye mdomo wake.

Kwa hiyo mie naona yako imebana, lazima iachiwe. Lakini si kwa msasa wa mkono! Msasa wa mkono unafanya silinda iwe yai. Huyo aliyekuharibia alikosea chombo.

Ringi zako zikoje?

#4 Bandari_Wesha

Ahsante mzee wangu. Ndo hapo penye mtihani, haina ringi. Pistoni nyeupe tupu, laini, hata mfereji wa ringi hauna. Slivu rangi yake kwa nje ni ya manjano kama bilauri za shaba za bibi zetu, ndani inang'aa kama kioo.

#5 Nitro_Mikunguni

WEKA MSASA CHINI. Wallahi nimeandika huku natetemeka.

Mie nimechezea vigari vya nitro miaka mingi kabla sijaingia kwenye boti, na injini ni zilezile, tofauti maji tu. Fundi wetu wa Nungwi kasema kweli tupu kwa mashine zake. Ila hiki ni kiumbe kingine. Hiyo slivu ya manjano ni shaba nyeupe, ile iliyochanganywa zinki, na ule mng'aro wa ndani ni kromu. Pistoni ni aluminiamu iliyotiwa silikoni nyingi ili isivimbe ovyo. Watu huziita ABC, herufi za Kiingereza za aluminiamu, shaba hiyo na kromu.

Angalia mambo yalivyogeuka. Kwenye Yamaha slivu ya chuma inavimba kidogo, pistoni inavimba sana, basi pistoni inaifuata slivu na kuishika. Hapa slivu ndiyo inayovimba zaidi na pistoni inavimba kidogo. Slivu inaikimbia pistoni. Tena juu, karibu na moto, inavimba kuliko chini. Kwa hiyo kiwandani wanaikata imebana juu na kupanuka chini, mfano wa bilauri iliyopinduliwa. Ikipata moto wake, juu panapanuka na slivu nzima inakuwa sawasawa, na pistoni inapita imeziba bila kushika. Hapo hapahitajiki ringi.

Piga hesabu mwenyewe. Shaba hiyo inavimba kama sehemu 19 katika milioni kwa kila digrii. Silinda yako ina kama milimita 16.6. Ukiipasha digrii 100 zaidi ya hapo mezani pako, inaongezeka 0.03 ya milimita. Nusu ya unywele haifiki! Lakini kile "nyiii" chako chote kinakaa ndani ya hiyo nusu ya unywele. Yule fundi aliyepita na msasa aliondoa hiyo, basi kile cha kwanza kikawa pampu ya baiskeli iliyotoboka. Hakiwezi kukandamiza mvuke, kitawakaje.

Jibu la swali lako la kwanza: juu kabisa, kikiwa baridi, nafasi ni HAKUNA. Inatakiwa ibane. Kinachokaza ni uhai wake.

#6 Fundi_Nungwi

Nimekisoma mara mbili, nikakitafakari tena baada ya alasiri. Nimekubali. Slivu inayokimbia pistoni, hilo sijawahi kulishika mkononi.

Ila nikuulize kijana. Ikiwa mpya inabana na nzuri inabana, iliyochakaa utaijuaje? Mie kwangu fila geji inaniambia. Kwako wewe, "inabana" ni kipimo gani? Mkono wa mtu mmoja si mkono wa mwenzake.

#7 Nitro_Mikunguni

Swali la fundi hasa hilo.

Toa plagi (ile yenye kiwaya cha kuwashia fueli). Zungusha flaiwili pole pole mpaka uhisi kukaza kunaanza, tia alama ya kalamu kwenye flaiwili. Endelea mpaka juu kabisa, tia alama ya pili. Mpya inaanza kukaza mapema kabla ya kufika juu. Iliyotumika vizuri inakaza karibu na mwisho tu. Iliyochoka inapita juu bila kukuambia kitu, hasa ikiwa vuguvugu. Ukirudia kila baada ya siku kadhaa za kuendesha utaona alama mbili zinasogeleana. Mie nina injini ambayo naandika umbali wa alama kwenye kifuniko cha sanduku lake.

Pitia pia kwa macho. Mistari ya kusimama ndani ya kromu, kama ya kucha, maana yake ilikula mchanga. Kromu ikibanduka juu ya tundu la kutolea moshi, slivu hiyo haina dawa.

Na Bandari_Wesha, mambo mawili kabla sijasahau. Usikiwashe baridi. Kwa kuwa kinabana, konrodi (mkono unaounga pistoni na krenki) ndiyo inayobeba adhabu kila kikipita juu. Kipashe kwanza kichwa na silinda mpaka ukishika kidole kinataka kutoka, digrii 60 au 70. (Draya imekuwa na kazi tena, muombe radhi mapema.) Na ukimaliza kuendesha, kizungushe pistoni ibaki CHINI. Ukiiacha juu, slivu inapopoa inaikumbatia pistoni, na kesho hukitoi hapo bila kukiharibu.

#8 Pweza_Mkavu

Kwa hiyo kinabana kikiwa baridi na kinalegea kikipata joto. Kama mjomba wangu kabla ya chai.

#9 Mwl_Karakana

Habari zenu. Mimi nafundisha vijana kazi ya tono, kwa hiyo nitazungumzia vipimo. Slivu mmeimaliza vizuri. Kilichobaki ndicho kinachovunja mashine hizi: kichwa.

Kaka yangu wa Wesha, chukua waya wa lehemu wa milimita moja. Kata vipande viwili vifupi, vipake grisi kidogo, vilaze juu ya pistoni kwenye mstari wa pini, kimoja kushoto kimoja kulia, pembeni kabisa. Usiviweke upande mwingine, maana pistoni inayumba huko na utapata kipimo cha uongo. Rudisha kichwa pamoja na shimu zake (zile pete nyembamba za kukinyanyua), kaza skrubu zote kwa kukatana, kidogo kidogo. Usipime skrubu zikiwa nusu, kwa sababu pistoni ikibana inainyanyua slivu na wewe hutajua. Zungusha mara moja ipite juu. Fungua, pima lehemu iliyobanwa. Tumia maikromita, venia kalipa ya dukani kwenye mia za milimita inasema inavyotaka.

Vipande viwili vikitofautiana, kuna takataka chini ya kichwa au kichwa kimepinda.

Konrodi: isikilize kwa vidole. Kichwa chake kikubwa kikiyumba kidogo ubavuni, sawa. Ukiivuta juu na chini ukasikia "tik", bushi imekwisha. Nafasi nzuri hapo ni 0.02 au 0.03 ya milimita, na hiyo ni ya mafuta, si ya kuhisi kwa mkono. Ilaze pia juu ya kioo. Kimashine kilichowahi kumeza maji ya bahari hupinda konrodi bila kukwambia.

#10 Nitro_Mikunguni

Mwalimu ahsante, hilo la skrubu nusu limenipata miye.

Bandari_Wesha, ukipata kipimo anzia nusu milimita, usishuke chini ya hapo mpaka umekiendesha. Huku kwetu kaskazi inapovuma na joto lake, kukandamiza sana ni kutafuta ugomvi.

#11 Mwl_Karakana

Nusu milimita kwa fueli yenye nitro kiasi gani? Hilo ndilo la kuuliza kwanza. Nitro ikiwa nyingi moto unawaka mapema, kichwa lazima kipande. Ikiwa asilimia kumi tu, nusu milimita itampa mashine ya uvivu. Mimi ningeanza 0.4.

#12 Nitro_Mikunguni

Na mimi ningeanza 0.5 kwa sababu shimu ya kupunguza ni rahisi, pistoni ya kununua si rahisi. Tutasikilizana plagi ikisema. Waya wa plagi ukitoka umepinda, umekatika au una vumbi la kijivu, na uso wa pistoni umechanjwachanjwa kama ndui, kinapiga mapema, ongeza shimu. Ukitoka mzima unang'aa na kimashine kizito kupanda mizunguko, punguza.

#13 Bandari_Wesha

Nimerudi. Fueli niliyonayo ina nitro asilimia kumi, mafuta asilimia ishirini.

Lehemu: 0.26 kushoto, 0.27 kulia. Kulikuwa na shimu moja tu. Sina nyingine na nikiagiza ni mwezi. Nimekata kopo la soda, ubavu wake nimeupima ni mia kumi za milimita (0.10), sawa na karatasi moja ya A4. Nikatoboa duara kwa bikari yenye sindano mbili, nikakwangua rangi ya nje na ile ngozi ya ndani, nikaisawazisha juu ya kioo kwa msasa 1000 (wa maji, na si ndani ya slivu, msiogope!). Rangi ilipotoka imebaki pungufu kidogo ya mia kumi. Nimetia mbili. Sasa lehemu inasema 0.45. Nimewakata katikati nyinyi wawili, msinigombanie.

Konrodi nzuri. Beringi nimetia. Lakini kuna jambo jipya. Nimefunga sahani ya nyuma, kimashine kinakwaruza. Si kule juu, ni mzunguko mzima, "shh shh shh". Nimefungua, sahani ina duara jeupe limekwanguliwa. Ndo mambo gani?

#14 Fundi_Nungwi

Ahaa, sasa umekuja mtaani kwangu.

Beringi ya nyuma haijakaa mwisho. Uliitiaje? Usiniambie nyundo.

#15 Bandari_Wesha

Nyundo ya mpira, mzee.

#16 Fundi_Nungwi

Nyundo ya mpira ni nyundo.

Sikiliza. Beringi ni chuma, nyumba yake ni aluminiamu. Kanuni ileile ya huyo kijana wa Mikunguni, ila hapa tunaitumia. Toa krenki. Toa kila kitu cha plastiki na mpira. Osha nyumba, iache ikauke, isiwe na chembe ya methanoli, halafu itie kwenye joko, joto la kuokea mkate, digrii 150 hivi. Tone la mate likiruka juu yake, basi. Ishike kwa kitambaa kikavu, igonge kifudifudi juu ya ubao. Beringi inaanguka yenyewe. Hizo mpya zitie friza usiku ndani ya mfuko usioingiza maji. Asubuhi pasha nyumba tena, dondosha beringi ndani, utasikia "tok". Hiyo "tok" ndiyo unayoitafuta. Isiposema, haijafika. Wakati bado moto isukume kwa kipande cha bomba kinachogusa ukingo wa NJE tu. Ukiusukuma ukingo wa ndani, zile gololi zinaacha vidonda na beringi mpya imekuwa kuukuu kabla haijazunguka.

Beringi yako imesimama nje kama 0.2, krenki nayo imesogea nyuma 0.2, ikafika kwenye sahani. Ikishakaa vizuri na ukakaza flaiwili, ivute krenki na kuisukuma. Inatakiwa icheze kidogo, unene wa karatasi yako ya A4, mpaka mbili. Isipocheza kabisa, beringi zinabanana ubavu na zitapiga kelele na kuungua. Ikicheza sana inarudi kukwaruza.

Joko la nani utatumia ni shauri lako na nyumba yako.

#17 Pweza_Mkavu

Draya, sasa joko. Huyu ataoga nje wiki hii.

#18 Mwanagenzi_Mkoani

Samahanini kuingilia. Nimeona mmesema mafuta ya mbarika yamo kwenye fueli. Bibi yangu anayakamua, tunaweza kutumia hayohayo?

#19 Nitro_Mikunguni

Hapana ndugu yangu. Ya kwenye fueli yamesafishwa, utomvu wake umeondolewa. Ya bibi yamebaki na utomvu na maji, yatakuwa lami ndani ya slivu. Ya bibi ni ya nywele na tumbo. Na methanoli, ambayo ndiyo msingi wa fueli hii, mjihadhari nayo: inapofua macho na kuua ikinywewa, inapenya ngozi, na moto wake mchana hauonekani. Chupa muifunge muda wote, inanyonya unyevu wa hewa, na huku kwetu masika hewa yote ni maji. Beringi zile za Wesha zimeoza kwa njia hiyo zaidi kuliko kwa chumvi.

#20 Fundi_Nungwi

Mafuta asilimia ishirini! Sie wavuvi tunatia moja kwa hamsini. Hiyo ni mashine au kikaango?

#21 Nitro_Mikunguni

😂 Kikaango chenye propela. Haina ringi, haina pampu ya mafuta, mizunguko yake inapita elfu ishirini kwa dakika. Mafuta ndiyo yanayobeba moto kutoka ndani.

Bandari_Wesha, nafasi moja ya mwisho hujaiuliza. Kama mguu wa kimashine chako (ule wenye propela) unaendeshwa kwa kebo ya kujipinda, usiisukume kebo mpaka mwisho. Kebo ikibeba nguvu inajikaza na kuwa fupi, inamvuta propela mbele. Acha milimita 2 kati ya kishikio cha propela na bushi ya mguu. Ukiiziba, inakuwa breki.

#22 Bandari_Wesha

Mrejesho.

Beringi zilisema "tok", zote mbili. Krenki inacheza karatasi moja na nusu. Kukwaruza kumekwisha. Kebo nimeachia 2.

Jumamosi tulishuka Wesha na watoto wa kaka, maji yamejaa, mafu, hakuna wimbi, mikoko imesimama ndani ya kioo. Nikakipasha, nikatia fueli, nikakivuta. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimekohoa na kunitemea mafuta ya mbarika kwenye kanzu. Mara ya tatu kimewaka, na sauti ile jamani, watu wamesimama kule gatini kuangalia nyuki gani huyu. Nimekiacha kinywe fueli nyingi, nusu kasi, matangi mawili, kipoe kabisa kati yake, pistoni chini.

Tangi la tatu nikafungua kasi. Kidau kimekaa juu ya maji kama jiwe la kuruka, kikapita mbele ya ngalawa ya mzee mmoja anayevuta nyavu. Kasema kitu, siandiki hapa.

Halafu kikafa ghafla katikati ya maji. Nimeogelea kukifuata na kanzu yangu. Kumbe skrubu ya mkono wa kabureta imelegea tu. Kabla hata sijajifuta nikazungusha flaiwili: kinakaza juu, "nyiii". Sijawahi kuipenda sauti ile kama siku hiyo.

Plagi: waya mzima, unang'aa. Mwalimu, nishushe mpaka 0.4?

#23 Mwl_Karakana

Sugua shimu moja ya soda juu ya kioo mpaka ibaki nusu, rudia lehemu usikisie, kisha matangi matatu. Chomoa plagi ulete picha.

#24 Nitro_Mikunguni

Au uiache. Lakini kwanza osha kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) nje, mwaga fueli yote, tia mafuta ya mashine kwenye kabureta na tundu la plagi, zungusha. Leo usiku, si kesho.

#25 Fundi_Nungwi

Na kile kizuizi cha mlango, nitumie hiyo slivu kwa boti ya Unguja. Nataka niishike.